Mashine Isiyosubiri Salamu

Mwaka ule wa korona, ofisi ya mke mwenzangu ilihamia nyumbani kwangu Bariadi, juu ya meza ninayowekea maboga.

Nikisema mke mwenzangu msinitolee macho. Anyes ni mke wa mjukuu wangu Masalu, na mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa hiyo tunagawana. Yeye kachukua ujana wake, mimi nimebaki na haki ya kumtania. Ni Mhaya wa Muleba, mrefu, mpole, anayepiga pasi hata tambara la kushikia sufuria. Huku alikuja kufanya kazi kwenye shirika linalowasaidia wakulima wa pamba. Kabla ya ugonjwa alikuwa anapanda pikipiki mpaka Kimali, Mwamapalala, Nkololo, anarudi jioni ana tope mpaka kwenye nyusi, anacheka. Masalu yeye yuko Lamadi, anauza samaki, na siku hizo alikuwa haji kwa kuogopa kutuletea maradhi.

Basi ofisi ikafungwa. Kila mfanyakazi akapewa kompyuta na simu iliyounganishwa nayo, akaambiwa aende nyumbani awapigie wakulima badala ya kuwafuata. Anauliza mambo matatu: Nyumbani kuna mgonjwa? Pamba imeingiliwa na wadudu? Bomba la kupulizia dawa lipo? Palipo na mgonjwa shirika linatoa taarifa zahanati. Kazi nyepesi, nikajua atanenepa.

Kumbe ile kompyuta ilikuwa na rangi. Simu ikiisha vizuri ndani ya dakika nne, kijani. Ikizidi, nyekundu. Mkulima akikata kabla ya kujibu, nyekundu vilevile. Jioni mashine inajumlisha, inampelekea bosi wao Erasmus, aliyekuwa Mwanza.

Na sisi watu wa huku mnatujua. Marehemu mama yangu alianza kusalimiana na jirani wakati wa kupanda mtama, na walipofika kwenye habari za ndama, mtama ulikuwa umeshatoa masuke. Anayebisha akauulize huo mtama.

Siku ya kwanza Anyes alimpigia mzee Ngeleja wa Kimali.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Wewe, mwanangu, ni wa kwa nani?"

"Mimi ni Anyes, wa shirika la pamba."

"Nakuuliza wa kwa nani, sikukuuliza wa shirika gani."

"Mke wa Masalu, mjukuu wa Dorkasi."

"Dorkasi yule muongo? Bado anaishi? Haya, wameamkaje huko? Watoto? Ng'ombe? Mvua je?"

Akajibu yote kuwa ni salama, mhola, mhola, na walipofika kwenye mbuzi mashine ikageuka nyekundu kama jicho la mtu aliyelala kwenye moshi. Aliyefuata, Anyes akamkatisha salamu, akamuuliza moja kwa moja kama nyumbani kuna mgonjwa. Yule bwana wa Mwamapalala akawaka: "Tapeli wewe! Hujajua hata nimeamkaje, unataka kujua nani anaumwa! Sasa hivi utaniambia nitume hela!" Akakata. Nyekundu tena.

Jumatatu Erasmus akapiga. Anyes aliweka simu kwenye spika ili nami nisikie.

"Anyes, zamani nilikuwa nakuona unaondoka na pikipiki na unarudi. Sasa sikuoni. Hii rangi ndiyo inayoniambia kama unafanya kazi au umelala."

"Nafanya kazi, bosi. Nashinda hapa mpaka kiti kinauma."

"Naamini. Lakini wewe bado uko kwenye majaribio. Mwezi ukiisha, mwenye nyekundu hataendelea. Siyo mimi, ni mfumo."

Tangu hapo mtoto wa watu akawa haonekani ndani ya nguo zake. Nampikia ugali na mboga ya nsansa, anaula kwa macho. Chooni anakwenda mbio kama aliyefukuzwa na nyuki, asije akaambiwa amekaa kimya muda mrefu. Akipita paka anashtuka anadhani simu imelia. Usiku nilikuwa namsikia anaota: "Mhola, baba, mhola, tafadhali, mhola." Masalu akipiga kutoka Lamadi anamwambia yuko salama, halafu anageukia ukuta.

Nikasema hapana. Mke mwenzangu akifukuzwa kazi atarudi Muleba, na mimi nitabaki na nani wa kumtania?

Alfajiri iliyofuata nikachukua simu yake mwenyewe, ile isiyo ya ofisi, nikamwambia anitafutie namba za watu atakaowapigia siku hiyo.

"Bibi, unataka kufanya nini?"

"Kuwasalimia. Nikishawasalimia mimi, wewe utawakuta wameshasalimiwa. Utauliza mambo yako, utakata."

Akanitazama kama mtu anayepewa kikombe asichojua kilichomo. Lakini nyekundu ilikuwa inamuuma kuliko mashaka. Akanipa.

Nikawasalimia, jamani. Nilisalimia mpaka simu ikapata joto la kukaangia karanga. Na kwa kuwa salamu tupu hainogi, nikaitia chumvi kidogo. Nikawaambia kuwa kwenye ile mashine kuna jicho. Mtu akijibu polepole, au akitoa habari ndefu, jicho linakuwa jekundu, na likiwa jekundu linammeza aliyepiga. Nikasema limeshammeza mwenzake mmoja wa Maswa, kilichobaki ni kandambili na barakoa. "Kwa hiyo," nikawaambia, "mwonee huruma mke mwenzangu. Jibu haraka."

Wakamwonea huruma. Simu zikawa zinakwenda kama mahindi kwenye mashine ya kusaga. Hakuna mgonjwa, hakuna wadudu, bomba lipo, kwaheri. Kijani. Hakuna, hakuna, lipo, kwaheri. Kijani. Erasmus akapiga kumpongeza, akasema jina lake liko juu kabisa ya wenzake wote. Anyes akala ugali siku hiyo, akaomba na michembe, vile viazi vya kukausha.

Lakini hakukaa sana na furaha yake. Jioni moja nilimkuta ameinamia kompyuta, hagusi kitu.

"Bibi, watu wote hawa, hakuna hata mmoja anayekohoa?"

"Mungu amewasaidia."

"Na wadudu je? Mwezi huu pamba haina funza hata mmoja? Kabla ya ugonjwa nilitembea mashamba hayahaya, Bibi. Funza walikuwa wanene kama vidole."

Nikamwambia funza nao wameogopa korona. Hakucheka. Mimi mwenyewe, nikiwaza vizuri, sikuona cha kuchekesha.

Siku ya mwisho ya mwezi ilianza vizuri. Kijani tupu. Erasmus alikuwa amemwambia kuwa ikifika jioni hivyohivyo, mkataba ni wake. Mchana akampigia mzee Ngeleja. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele.

"Baba, nyumbani kuna mgonjwa?"

"Hakuna, hakuna! Wadudu hakuna, bomba lipo, kwaheri, ng'wanawane, lisije likakumeza!"

Na nyuma ya sauti yake tukasikia mtu. Hakuwa anakohoa kama mtu mwenye mafua. Alikuwa anavuta pumzi kama anayevuta ndoo kwenye kisima kirefu, na kamba inateleza. Simu ikakatika. Kijani.

Ungo ukanikaa mikononi. Ngeleja anaishi na mke wake tu, Mhoja. Nilikua naye Mwamapalala, tulichunga pamoja, tuliogeshwa kwenye beseni moja.

Anyes alikuwa ananitazama. "Bibi. Lisije likakumeza, maana yake nini?"

Nikamweleza. Sikuzungusha. Akaweka mkono kifuani. Akaitazama ile kijani, akatazama mlango, akaitazama tena kijani. Nami nilijua anachopima: akiliacha lile jibu lilivyo, jioni ana kazi. Na kumbuka, Mhoja si ndugu yake.

Akapiga tena, kwa simu ileile ya ofisi.

"Baba, nani anapumua hapo nyuma?"

"Hakuna mtu. Ni... ni mbuzi."

"Baba, huyo si mbuzi."

"Ng'wanawane, kata! Dakika zinakwenda! Mimi sitaki kuwa sababu ya wewe kumezwa!"

"Sikati."

"Kata, nakuomba! Huyu nampiga nyungu, nimemfunika blanketi, atapona!"

Rangi ikageuka. Nikamnyang'anya simu.

"Ngeleja! Ni Dorkasi. Ile mashine nimeiua."

"Umeiua na nini?"

"Na mchi. Nimeipiga jicho, limetoka, kuku wamelila. Sasa sema, Mhoja ana nini?"

Ndipo mzee akalia. Akasema mkewe hajalala chali siku kadhaa, analala ameketi, hamalizi neno. Akasema midomo yake imekuwa na rangi ya majivu. Alikuwa anatusubiria kila siku tupige, na kila tukipiga anaogopa kusema.

"Mfunue hilo blanketi!" Anyes akamkemea, mara ya kwanza namsikia akimkemea mtu mzima. "Mtoe nje kwenye hewa, mkalishe. Usikate simu."

Kwa simu yake nyingine akawapigia zahanati, wakasema gari liko mbali. Akampigia Mnyantuzu mmoja mwenye pikapu ya kubebea pamba, akambembeleza, akamwambia avae barakoa na afungue vioo. Muda wote ule simu ya ofisi iko wazi, tunasikiliza ile ndoo inavutwa kisimani. Ikinyamaza kidogo, na sisi tunaacha kupumua. Ikianza tena, tunashusha mabega. Mpaka tukasikia injini, na Ngeleja akisema, "Wamefika."

Nikadhani atapumzika. Akanawa uso, akaanza kuwapigia wote upya, mmoja mmoja, kwa salamu kamili, watoto, ng'ombe, mbuzi, mvua. Na kila aliyesalimiwa akabadili jibu. Huyu ana baba kitandani. Huyu funza wamemla shamba zima. Huyu bomba lilishavunjika zamani. Mpaka jua linazama ile mashine ilikuwa nyekundu kama kidonda.

Erasmus akapiga.

"Anyes, imekuwaje? Asubuhi ulikuwa wa kwanza, sasa ni wa mwisho."

"Ile kijani haikuwa kazi, bosi. Watu walikuwa wananionea huruma, wanajibu nisifukuzwe. Kazi ni hii ya leo."

Kwa nyuma tukasikia mtoto wake analia na jogoo anawika; kumbe naye ofisi ilikuwa imemfuata nyumbani.

"Ile kijani nilishaipeleka Dar es Salaam," akasema polepole. "Na mimi nina rangi yangu huko. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Nitaandika ulichosema. Watakachojibu sijui."

Tukangoja. Kungoja kule mimi nilizeeka upya. Habari za Mhoja hatuna, habari za kazi hatuna, simu ikilia tunasukumana nani apokee. Anyes alianza kukunja nguo zake, anazipiga pasi, anazipanga sandukuni, halafu anazitoa, anazipiga pasi tena.

Jibu la Dar lilikuja kwanza, kwa barua. Hakufukuzwa, hakuthibitishwa; wakamwongezea majaribio. Dakika nazo zikaongezwa kidogo, hazitoshi hata kumaliza habari za mbuzi. Na rangi ikabaki kulekule. Anyes akasoma mara nyingi, akatafuta mahali pa kufurahi, hakupaona vizuri.

Alikuwa bado ameishika hiyo barua asubuhi moja simu ya ofisi ilipolia. Namba ya Ngeleja.

"Mwangaluka, ng'wana... wane." Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, inapumzika katikati ya neno.

"Mwangaluka, mayu," Anyes akajibu, akimwita mama, na machozi yakamtoka.

"Mhola?"

"Mhola."

"Dorkasi... bado muongo?"

"Bado, mayu."

Akauliza watoto. Akapumzika. Akauliza ng'ombe. Akapumzika. Mashine ikaanza kupepesa. Anyes aliitazama, maana jioni rangi ile ingemfikia Erasmus. Akainyanyua kwa mikono miwili, akaigeuza ikatazama ukuta, akavuta kiti karibu.

"Na mbuzi, mayu?" akauliza. "Mbuzi wameamkaje?"