Mkono wa Kyalo katika nasari ya Kuze

Saa moja na nusu asubuhi, Mwanarusi Dzoro ameketi barazani mtaani Kuze, leso kaifunga kiunoni. Kila mtoto anayefika anaushika mkono wake, anaubusu, anavua viatu na kuingia ndani. Mwalimu anawaitikia kwa majina, mmoja mmoja, lakini macho yake yako mwisho wa kichochoro.

Leo anamngoja mtoto ambaye huenda asije.

Hatimaye anatokea Wanza, karani wa ghala moja la Shimanzi, ameshuka tuktuk Makadara na kumalizia njia kwa miguu. Anamkokota mwanawe Kyalo, mwenye umri wa miaka minne na nusu. Wiki tatu zilizopita mama huyu alimtoa mtoto katika nasari hii na hakutaka kusikia neno.

Anakaribishwa kuketi, anakataa.

"Ni leo tu, mwalimu," anasema kwa sauti ya chini. "Saa sita nikimkuta vile alivyokuwa, simleti tena. Na tusilaumiane."

"Ni haki yako, mama Kyalo," anajibu Mwanarusi.

Kyalo anapita bila kutoa mkono, na hakuna anayemdai. Mkono wa kushoto ameutia mfukoni mwa kaptula na hautoi hata anapovua viatu, kazi inayomchukua muda mrefu. Mwalimu anaona, anageukia mtoto mwingine.

Mwanarusi ana miaka 46. Alizaliwa Matuga, Kwale, na kuja kisiwani alipoolewa. Ana cheti cha ualimu wa chekechea na aliwahi kufundisha nasari kubwa, ile ya majoho na kofia za mahafali kwa watoto ambao bado wananyonya vidole. Alichoka. Sasa ana vyumba viwili vya chini katika nyumba ya Bi Nasiha, msaidizi mmoja aitwaye Stacy, na watoto ishirini na mmoja: wa Kuze penyewe, na wa wafanyakazi wa bandarini na maofisini waliotoka bara.

Mpiga picha akija hapa atarudi mikono mitupu. Hakuna bembea wala katuni ukutani. Kuna karai la mchanga, vifuu vya nazi, beseni la maji, vitambaa na chaki. Mtoto mmoja anauza samaki wa matambara, mwingine anamwambia ni ghali, wanazozana mpaka wanaelewana. Sisi wazazi tukitafuta nasari huuliza mambo mawili: Kiingereza kinaanza lini, na homuweki ni kurasa ngapi. Hapa utajibiwa kwamba homuweki hakuna.

"Mtoto wa miaka minne acheze, aulize, agombane na mwenzake kisha wapatane," asema Mwanarusi. "Kalamu itamngoja. Haiendi popote."

Kwa msimamo huo, yaliyompata Kyalo yanamuuma zaidi, maana yalimpata mikononi mwake.

Desturi ya hapa ilikuwa watoto kula pamoja saa nne katika sinia, wote kwa mkono wa kulia, kama wanavyokula majumbani mwao. Siku ya kwanza Kyalo alipeleka mkono wa kushoto. Wenzake wakarudi nyuma kwa kelele, mmoja akasema huo ni mkono wa chooni. Mwanarusi akawanyamazisha, akautoa mkono ule na kuuweka wa kulia mahali pake. Kesho yake akafanya vilevile. Siku zilivyokwenda, akawa anamhamishia hata chaki.

"Sikumgombeza hata siku moja," asema. "Nilikuwa nacheka naye, namshika polepole. Nikiona namfunza adabu kama nilivyofunzwa mimi. Na yeye alikuwa mtulivu, hanisumbui. Nikamsifu kwa utulivu."

Utulivu ule ulikuwa mtoto anazimika. Aliacha kula, akaacha kuchora, kisha akaacha kusema. Nyumbani akaanza kukojoa kitandani, jambo alilokwisha kuliacha. Wanza anasimulia kwamba jioni moja alimpakulia ugali, akamwona anahangaika kwa mkono wa kulia huku mwingine ameukalia. Akampigia mwalimu simu na kumwambia maneno ambayo Mwanarusi anayakumbuka yalivyo: "Mwalimu, mtoto wangu anaukalia mkono wake."

Asubuhi iliyofuata Kyalo hakuletwa.

Mwanarusi alikaa siku kadhaa akijipa moyo kwamba mama atatulia. Hakutulia. Basi mchana mmoja akajifunga buibui lake, akaenda Shimanzi, akipenya kati ya malori mpaka langoni kwa ghala. Wanza alitoka kumwona, uso umekunjamana. Walikuwa bado wanasalimiana pale mwalimu alipomwona Kyalo upande wa pili, anamsubiri mamake amalize kazi. Alikuwa na kipande cha chaki katika mkono wa kushoto, anachora lori kwenye ukuta.

"Lina magurudumu yote. Lina mlango, vioo, dereva ndani na sigara," asema Mwanarusi. "Kwangu alikuwa hachori hata duara. Nilisimama pale nikaona haya, wallahi."

Aliomba radhi palepale, mbele ya mlinzi wa lango. Wanza akamweleza kwamba Ronald, babake Kyalo, ni fundi wa magari na hufungua nati kwa mkono huohuo, na kwao hakuna aliyewahi kuona ni ajabu. Mazungumzo yalikuwa marefu. Mwisho wake ndiyo ile ahadi ya siku moja.

Lakini lilibaki suala la sinia, na Kuze ina wenyewe. Bi Nasiha, mwenye nyumba, ambaye mjukuu wake Ruweida anasoma hapa, hakuzungusha maneno.

"Mkono wa shoto hautiwi siniani, mwanangu, hilo wewe walijua," alimwambia. "Lakini sikujua kwamba kijana alikuwa hatii kitu mdomoni. Adabu ya kwao watamfunza wazazi wake. Mpe chombo chake ale."

Mwanarusi alifikiria kumpa Kyalo peke yake kibakuli, akaona atakuwa kama mgonjwa aliyetengwa. Akawanunulia wote. Haoni kama ameshinda. Sinia lilikuwa linawafunza watoto kumwachia mwenzao kipande kikubwa, na kwa hilo anasikitika waziwazi.

Saa nne inafika. Ni muhogo wa kuchemsha kwa tui la nazi. Watoto wananawa na kuketi mkekani, kila mmoja na kibakuli chake. Kyalo anaketi karibu na Ruweida, na mkono wa kushoto anautia chini ya paja.

Stacy ameagizwa asimtazame. Mwanarusi naye anajitia kula, ameinamia chakula chake, lakini hatafuni. Wenzake wanakula, Kyalo anakitazama kibakuli.

Ruweida amemaliza wake. Anamwegemea jirani yake. "Hutaki? Nipe mimi basi."

Na mkono ukachomoka. Kyalo anakidaka kibakuli kwa mkono wa kushoto, anakivutia kifuani, na kabla hajanyang'anywa anatia kipande kizima kinywani.

"Mwalimu," Ruweida anashtaki, "yuwala na shoto."

Mkeka wote unamgeukia mwalimu. Mtoto ameacha kutafuna.

"Kyalo yuwala kwa mkono wake," anasema Mwanarusi. "Na huo muhogo ni wake, mwache."

Ruweida analifikiria, kisha anamwomba Stacy nyongeza. Kyalo anaendelea kutafuna.

Mwalimu ana mpango. Kuanzia mwaka ujao hatapokea mtoto kabla yeye mwenyewe hajafika kwao, aketi chini, amwone anavyokula na anavyocheza. Hataki kujua herufi ngapi amekariri. Anaulizwa nasari nzuri ni ipi.

"Mzazi akiniachia mtoto asubuhi, saa sita amchukue yuleyule," asema. "Akiwa amejifunza kitu cha ziada, alhamdulillahi. Lakini awe yuleyule."

Saa sita Wanza yuko mlangoni. Kyalo hajasema neno na mtu tangu asubuhi, na Mwanarusi anamwambia hivyo bila kuficha. Mama anamwinamia mwanawe kumsaidia viatu.

Mtoto anamnyooshea Ruweida kidole.

"Yule anataka muhogo wangu," anasema. "Kesho nitakaa mbali naye."

Wanza anaacha kufunga kamba. Anamtazama mwalimu, lakini Mwanarusi ameshageukia ukutani na anajifuta uso kwa leso.

"Kesho utakuja?" mama anauliza.

Kyalo anamtazama kana kwamba hasikii vizuri. "Si nimekwambia nitakaa mbali naye."