Kilindo cha Mama Mkwe na Dawa ya Bwawa

Miaka ile ya Mwingereza mume wangu alikuwa mtunza bwawa la kuogelea nyumbani kwa mzungu mmoja wa kazi za barabara, pale Tabora mjini. Bwawa lenyewe lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, na mimi sikuwahi kulipenda. Kiangazi sisi tunagombania kisima, wenzetu wanayarukia maji kwa kucheka. Lakini kazi ile ndiyo iliyotupa nyumba ya uani, na kutoka hapo mama mkwe wangu aliweza kujikongoja hadi hospitali ya Kitete kutibiwa kifua. Mume wangu angefukuzwa, tungerudi kijijini, upande wa Nzega, na kule mama asingemaliza mwaka. Hilo tulilijua sote watatu.

Dawa ya bwawa, klorini, ilikuwa unga mweupe unaochoma pua, ukiletwa kwa treni ndani ya debe. Masika yale debe likaoza kwa kutu. Mume wangu aliposimulia nyumbani, mama akainuka, akavuta kilindo chake kutoka uvunguni. Kilindo ni kasha la gome la mti, na kwetu Unyamwezini ndimo nafaka inamolala salama. Hicho alishonewa na marehemu mumewe walipooana, na tangu hapo hakijaingiza mdudu wala unyevu.

"Kimetunza mtama miaka yote," akasema, "kitashindwa na huo unga wako?"

Nani angemkatalia mama yake? Dawa ikahamia humo.

Haukupita muda maji yakaanza kuharibika. Kila asubuhi mume wangu alichota maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, akayadondoshea dawa ya kupimia. Yakigeuka manjano, klorini inatosha. Sasa yalibaki vile vile. Akaongeza unga. Akadhani jua la mchana ndilo linaloila dawa, akawa anaitia jua likishazama. Akaopoa majani, akasugua kuta zilizoanza utelezi wa kijani, akasafisha na kichujio. Wapi! Bwana, yule mzungu wake, akamwambia Jumamosi atakuwa na wageni, na wakiyakuta maji hayo, yeye afungashe vyake.

Jioni mama alimngojea mlangoni. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo siku zote alimpokea mwanawe kwa kumshika mikono yote miwili na kuivuta karibu na uso wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kilindo changu kinaitunza dawa?"

"Kinaitunza, mama."

Ijumaa nilimpelekea mume wangu chakula kwenye banda la pampu, kando ya bwawa, nikamkuta ameketi sakafuni. Alikuwa amekimwaga kilindo chote. Gome lile jekundu lilikuwa limepauka ndani, na ukiligusa linabonyea kama ukoko uliolowa. Dawa ilikuwa imelila gome, na gome limeila dawa. Unga uliobaki haukuwasha hata pua. Nilipandwa na hasira, nikataka kwenda kumwambia mama saa ile ile kwamba kilindo chake kinatufukuzisha.

"Ukimwambia," mume wangu akasema, "utakuwa umemzika kabla ya siku zake."

Akaenda kwa Bwana, akasema ni yeye aliyeiacha dawa wazi mpaka ikafa nguvu. Alitukanwa mbele ya mpishi hadi nikaona aibu mimi niliyekuwa nje ya dirisha. Matusi yalipokwisha, Bwana akamtuma kwa mzungu mwenzake kuazima dawa. Tuliigawa katika chupa za kioo zenye vifuniko vya kubana, na jioni ile akaitia nyingi bwawani. Asubuhi maji ya kichupani yakageuka manjano. Kazi ikabaki, na nyumba ikabaki.

"Kilindo changu kinaitunza dawa?" mama aliuliza jioni hiyo, kama kawaida yake.

"Kinaitunza, mama."

Aliendelea kuuliza jioni zote. Mume wangu akichelewa, nilijibu mimi, na kila nilipojibu nilijisikia vibaya.

Kiangazi kilichofuata kifua kilimzidi. Akaomba arudishiwe kilindo, aweke humo nguo zake za kuzikiwa. Tukatazamana. Mume wangu alikileta amekipakata, kisije kikakatika. Mama akatia mkono ndani, na gome likabaki vidoleni mwake. Nikaangua kilio, nikimwomba atusamehe.

"Nyamaza, mwanangu," akaniambia. "Mikono ya mume wako ilipoacha kunuka dawa, nilijiuliza kuna nini. Iliponuka tena, nikajua kilindo kimetolewa."

"Sasa mbona uliendelea kutuuliza, mama?"

"Nilipenda mnavyonijibu," akasema. Kisha akaanza kulipanga shuka lake ndani ya kilindo, taratibu, upande ambao gome lilikuwa bado gumu.