Roda na Maji ya Viazi

Kama uliishi Itaka, kule Mbozi, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, hukuuliza Roda anachemsha nini. Uliuliza ni kipi asichochemsha! Maziwa, maji ya kunawa, vitambaa, hata mswaki wa mti. Gome la mti wa msuku, dawa yake ya tumbo, lilitoka porini likaingia chunguni lingali linachuruzika maji. Waganga wenzake walilianika kwanza, wakamcheka. Roda hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mwenyekiti wa kijiji, Barnaba, ndiye hakumpenda kabisa. "Dawa ya Roda ni supu ya kuni," alisema kila mkutano. Basi mwaka 1978 alipokuja mtaalamu wa miti shamba kutoka Dar es Salaam kupima dawa za waganga, kijana mpole aitwaye Athuman, Barnaba akapata pa kushikia: dawa ikishindwa kipimo, chungu cha Roda kinavunjwa, asitibu tena. Roda aliogopa, nasema kweli. Mjane yule, bila chungu kile angekuwa nani?

Kipimo chenyewe hakikuwa cha ajabu. Athuman alimweleza Mwenyekiti kwamba magome yana vitu viitwavyo fenoli, vinavyosaidia tumbo. Kiazi mviringo nacho kina kimeng'enya, kile kile kinachokigeuza kuwa cheusi ukikikata na kukiacha. Ukichanganya dawa na maji ya kiazi kibichi, kimeng'enya hukamata fenoli na kuzitia rangi ya kahawia. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo fenoli zilivyo nyingi.

Asubuhi akakwangua viazi nyumbani kwa Roda, alikofikia. Akakamua maji yake kwa kitambaa, akayafunika kivulini, akaenda ofisi ya kijiji kusaini kitabu cha wageni.

Roda akafunua. Yesu wangu! Mgeni wa serikali anywe viazi vibichi, afie nyumbani kwake? Akayabandika motoni mpaka yakatokota, akayachuja, akatia chumvi ya Ivuna kidogo, akayapoza na kuyafunika tena. Alijiona mwema kweli kweli.

Mbele ya kijiji kizima Athuman akachanganya. Dawa ya Roda haikugeuka rangi hata kidogo. Za wenzake, vilevile.

"Kuni!" akafoka Barnaba, na chungu tayari kiko mikononi mwake.

Athuman akakuna kichwa. Akajaribu chai, ambayo ina fenoli tele na lazima ikolee. Wapi! Mwishowe akayaonja maji yake ya viazi, macho yakamtoka.

"Nani ametia chumvi?"

Tangu abatizwe, Roda hakuwahi kukubali kosa mbele ya watu. Akakitazama chungu chake mikononi mwa Barnaba.

"Mimi," akasema. "Na nimeyachemsha. Yalikuwa mabichi, mwanangu!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mama, kimeng'enya ukikichemsha kinakufa," Athuman akasema, naye amebanwa na kicheko.

Vikakwanguliwa viazi vingine, safari hii Athuman akiwa ameikumbatia sufuria. Dawa za wenzake zikawa rangi ya chai ya maziwa. Ya Roda ikakolea kama kahawa ya Mbozi.

Mtaalamu akashangaa, maana mti ni ule ule. Alipoulizia wanavyoitengeneza, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Kumbe! Gome nalo lina kimeng'enya chake. Mkilianika, kinazimaliza fenoli polepole. Mama anakiua motoni kabla hakijaanza kazi. Mama, nani alikufundisha kulichemsha lingali bichi?"

"Fides."

"Mganga wa wapi huyo? Nimwandike."

"Mwanangu wa kwanza. Alikunywa maji ya mtoni, tumbo likamchukua. Alikuwa na miezi tisa. Tangu siku hiyo kibichi hakipiti kwangu."

Kicheko kikakatika. Athuman akaliandika jina lile daftarini, herufi moja moja. Barnaba alikibeba chungu mpaka jikoni, akakitua mwenyewe juu ya mafiga, akabaki amesimama hajui mikono aiweke wapi.

"Ongeza kuni, Mwenyekiti," Roda akamwambia. "Si ulisema ni supu ya kuni?"