Trizah na Betri za Makaa za Malaba

Umewahi kushika kitu kinachopata moto kikilishwa na kupoa kikitoa? Basi ingia kwenye kibanda cha Trizah Oduori, kando ya foleni ya malori Malaba.

Ni saa tano asubuhi, wiki iliyopita, na bati limeshaanza kuchoma. Trizah amesimama, leso ya njano kiunoni, waya mnene mkononi. Kwenye benchi kuna betri zenye ukubwa wa tofali. Anabandika waya, anangoja kidogo, anabandua, kisha anaweka kiganja. "Imeshika moto," anasema, na kuifunika kwa gunia pamoja na nyingine, vile mtu anavyofunika viazi vitamu vilivyotoka jikoni.

Betri hizi hutengenezwa katika karakana moja huko Mundika. Ndani yake mna makaa ya magunzi ya mahindi, yaliyosagwa hadi yakawa laini kama masizi ya sufuria. Kila chembe ina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Umeme ukiingia, chaji husukumana kujipenyeza vitunduni, na msukumano huo huzaa joto. Chaji ikitoka, betri hupoa. Ukiingiza polepole, joto huwa kidogo. Ukiharakisha, kiganja kitakuambia.

Madereva huzikodi wakiwa foleni, wawashe taa na kuchaji simu bila kumaliza betri ya lori. Na wana desturi yao: kabla ya kuchukua, kila mmoja huibandika betri shavuni.

"Mama, hii imelala," dereva mmoja anairudisha. "Nipee ya moto."

"Ya moto unataka kuchoma nayo mahindi?"

"Nataka yenye iko na nguvu. Chai baridi nayo ni chai?"

Trizah anacheka kidogo, anaingiza mkono guniani.

Ili ziwe za moto, sharti zichajiwe kwa kasi. Na kwa kasi mtu hawezi kutoka hapo, maana ukizubaa betri huvimba. Ndiyo sababu Trizah, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, husimama kutwa, hata Jumapili. Ngozi ya viganja imekuwa ngumu kama kisigino. Jioni viatu havitoki mpaka avivute kwa mikono miwili.

"Mama yangu Roselyn yuko Rukala," anasema akikanda goti. "Maji ya mto Nzoia yaliingia kwake, akahamia kwa jirani. Tangu mafuriko sijamwona. Kila wiki nasema wiki ijayo."

Mwenye kibanda ni Hasina, mfanyabiashara wa Busia mjini. Trizah hajawahi kumwomba ruhusa. Anaogopa kujibiwa kwamba wanaoitaka kazi hiyo ni wengi.

Hivi karibuni malalamiko yalizidi. Betri zilikuwa zikizima mapema mno. Hasina akaja mwenyewe. "Trizah, hizi betri zinanitia aibu. Zikiendelea hivi, nafunga." Trizah akaongeza kasi, akaongeza na gunia la pili.

Kisha akaja Oriokot, dereva wa Soroti, ng'ambo ya mpaka, akakuta za moto zimeisha. Ilibaki moja nyuma ya benchi, iliyochajiwa polepole kwa waya mwembamba na kusahauliwa. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Nyabo, mama, umenipa maiti," alinung'unika, akaondoka nayo.

Kesho yake aliirudisha ikiwa bado inawasha taa. "Maiti yako imekesha na mimi! Zile zako za moto huzima kabla sijamaliza kula."

Trizah alikaa chini. Muda wote alidhani joto ndilo chaji, akalifunika lisitoroke. Kumbe joto ni jasho la kuingia tu, na likifungiwa ndani huivujisha chaji na kuyachosha makaa.

"Nilikuwa napika kitu chenye kinataka kupumzika," anasema taratibu.

Leo mchana Hasina amefika tena. Trizah anamweleza yote, na anakiri kwamba wazo la kuzifunika kwa magunia lilikuwa lake. Hasina anashika betri iliyopoa, anaigeuzageuza.

"Na hao madereva na mashavu yao?"

"Tutawawashia taa mbele yao. Watazoea."

"Wakikataa?"

"Oriokot ameshapiga domo foleni nzima. Wawili wamekuja asubuhi kuuliza iko wapi ile maiti."

Hasina anacheka mpaka anafuta macho. "Haya, polepole iwe polepole. Kuna lingine?"

Trizah anatazama chini. Nje, lori linanguruma na kusogea hatua chache, vumbi linaingia kibandani. Anangoja litulie.

"Iko. Kwa waya mwembamba, betri zinajaa bila mimi kusimama. Mtu yeyote anaweza kuziangalia."

"Sema tu, Mama."

"Nataka Jumapili yangu," Trizah anasema. "Nataka kwenda Rukala nilale kwa mama yangu, hata kama ni chini kwenye mkeka wa jirani."