Mbegu ya mke wangu tuliila msibani kwake

Admin, nifichie jina, ila sema natokea upande wa Idete. Wazee wakali huku tuko wengi, hawatanitambua. Nina miaka sabini na mmoja, ni mkulima wa mpunga, na tangu mwezi wa kumi uishe mimi ni mgane.

Mke wangu nimekaa naye miaka arobaini na minane. Akiwa hai sikumsifia hata siku moja, naona aibu kuanza leo mbele ya watu wasionijua, lakini acha niseme. Alinizalia watoto wanne, na nyumba hii ilisimama kwa mikono yake. Nikifoka kwamba chai imeniunguza ulimi, anacheka, "Sasa mzee, ulitaka ya jana?" Sikuwahi kulala njaa kwake. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia ahsante.

Alipoolewa alikuja na mbegu ya mpunga aliyopewa na mama yake, watu wa Mahenge. Kila mwaka aliipanda peke yake kwenye kipande pembeni ya shamba, isichanganyike na mingine. Akivuna, anachagua masuke kwa mkono, anapepeta mwenyewe, mbegu anaiweka kwenye kiroba darini, juu ya mafiga, moshi uifukuzie wadudu. Kwao mbegu hiyo mama humwachia binti yake wa kwanza. Mimi niliyaita mambo ya wanawake, nikayaacha hukohuko.

Aliugua mavuno yalipoisha, na hakuinuka tena. Siku moja mchana nimekaa karibu na kitanda, naangalia mpira kwenye simu hii hii ninayoandikia. Akasema, "Baba Neema, kile kiroba cha darini kisiguswe, ni cha Neema. Umenisikia?" Nikamjibu, "Nimesikia." Ndugu zangu, sikuwa nimesikia. Sauti ilipita tu. Maneno yenyewe yamenirudia baadaye, yakiwa hayana faida.

Msiba ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea. Siku ya pili baada ya mazishi akina mama wakanifuata, "Baba, mchele umekwisha na watu bado wanaingia." Nikajiona mwanaume mwenye nyumba. Nikanyoosha kidole: darini kuna kiroba, pelekeni mashineni kikakobolewe. Walipopika, harufu ilijaa uwanja mzima. Watu wakasema mama ametuaga vizuri. Na mimi nilikula, nikaongeza.

Kati ya waliokula alikuwepo mama mmoja Msukuma, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Nilishangaa kumwona. Miaka sita iliyopita ng'ombe wa mume wake waliingia kwenye mpunga wangu ukiwa karibu kuvunwa, nami kwa hasira nikamkata mmoja mguu kwa panga. Wakamchinja palepale. Serikali ya kijiji ilitusuluhisha kwa maneno, lakini nyumbani nilipiga marufuku: asiwepo wa kukanyaga kwao, hata salamu. Mama yule akanijia, akapiga goti. "Shikamoo baba. Pole sana. Huu wali nimeujua. Mama alinipaga mbegu yake, na sisi tunapanda kidogo. Alikuwa anakujaga kuiangalia."

Nikaitikia. Hapo ndipo nilipojua nimelisha watu nini. Nikajua pia kwamba mke wangu alikuwa anavuka mfereji miaka yote hiyo, anarudi, ananipakulia chakula, na mimi naamini amri yangu inafuatwa.

Tangu siku ile sina amani. Kila asubuhi jua likishapanda, nikiwa peke yangu, nasikia ungo unapepetwa nyuma ya jiko. Nausikia kabisa, mpunga ukirushwa na kudakwa. Nikizunguka nakuta majivu na kuku. Nikirudi kukaa, unaanza tena. Jana nilimwita kwa jina lake la usichana, ambalo sijalitamka tangu tuwe na watoto. Ungo ukanyamaza, na ukimya ule ulinitisha zaidi.

Wiki iliyopita binti yangu, huyo ninayemwita Neema, alinipigia simu kutoka Mkula. "Baba, mvua hizo. Mbegu ya mama ipo salama? Jumamosi nakuja kupanda, nataka nianze pale pale alipokuwa anapanda yeye." Nikamwambia ipo. Kisha nikaenda sokoni Ifakara, nikanunua mbegu ya supa, mpunga wa kawaida wa kila mtu, nikaijaza kwenye kiroba kilekile na kukishona kwa uzi uleule. Kipo darini sasa hivi. Lakini mpunga wa mama yake ukichanua unanukia hadi barabarani, na Neema amekua akiupalilia. Mwezi wa nne atasimama pale shambani, atanusa, atajua kwamba baba yake alimdanganya juu ya kaburi bichi.

Mbegu ya kweli imebaki nyumba moja tu, ile ya ng'ambo ya mfereji. Mara mbili nimevaa shati la kanisani, nimefika kwenye mfereji, nikawaona wale watu wanaandaa jembe la ng'ombe, nikageuza. Wakininyima nitarudi nyumbani na hasira yangu niliyoizoea, nitajua pa kuiweka. Wakinipa je? Yule mzee akiniwekea kigoda, mkewe akaingia ndani kunichotea, na wakaanza kunisimulia mke wangu alikuwa anacheka nini akiwa kwao?

Leo ni Alhamisi. Nimwachie Neema apande supa na nife na siri yangu, nimwambie ukweli nimpoteze na yeye, au nivuke? Mliofiwa mnielewe, na wenye busara mnishauri: nifanye nini?