Kamati Yetu ya Kwenda Kuonja Mvinyo

Wazo la kwenda Dodoma lilikuwa la mke wangu, ingawa kwenye kumbukumbu za mkutano niliandika kwamba lilitolewa na Mwenyekiti. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa Mwananyamala, vyumba viwili na ua, na mke wangu alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka minne. Mama huyo alilima zabibu kwenye kijiji kimoja cha ujamaa nje ya Dodoma, huko ambako mapadri walipanda mizabibu tangu enzi za mkoloni. Alituma barua kwamba mavuno yamekaribia na magoti yake yamechoka, binti aje amsaidie walau siku mbili, tena aje na mumewe, maana mimi alikuwa ameniona mara moja tu, siku ya harusi.

Mke wangu alinisomea barua ile huku anachambua mchele. "Si yule rafiki yako fundi ana gari? Atupeleke. Nyie mtaonja huo mvinyo wao, mie nitakaa na mama."

Kama ningefunga mzigo siku ile tungefika. Lakini miaka ile hatukuweza hata kuhamisha banda la kuku bila kuunda kamati. Mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu, akawa Mwenyekiti. Mwenzangu wa ofisini, aliyetoka Bulgaria kwenye mafunzo ya miezi sita ya utunzaji wa stoo, akawa Mtaalamu wa Mvinyo. Fundi mwenyewe, seremala wa Temeke, mtu wa kusini na mswalihina asiyegusa pombe, akawa mjumbe kwa sababu Peugeot ilikuwa yake.

"Mie nafuata zabibu," alisema. "Mkilewa nitawapakia kama mbao."

Mimi nikawa Katibu.

Kikao cha kwanza kilijadili Jumapili. Magari ya binafsi yalikuwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa hiyo ilibidi tuwe tumerudi Dar kabla ya hapo. Tulipiga hesabu ya barabara, pancha na Mwenyekiti kuchimba dawa, tukaona muda wa kuonja unaobaki ni kama saa tatu. Mtaalamu akasema basi lazima tufanye mazoezi, tusije tukapoteza muda kule tukijifunza.

Kikao cha pili akatufundisha. Unapiga funda, unalizungusha mdomoni, halafu unatema.

"Unatema?" Mwenyekiti aliuliza.

"Unatema."

"Mvinyo?"

"Mvinyo, Ndugu Mwenyekiti. Kwenye ndoo."

"Tusafiri kutwa nzima kwenda kutema? Si ningebaki nikatema hapa hapa Mwananyamala?"

Hata hivyo tulifanya mazoezi kwa juisi ya ukwaju. Wanaume wanne tuliizunguka ndoo uani, tunasukutua, tunatazama mawinguni kwa busara, tunatema. Fundi alituzidi wote; aliipata ndoo kutoka hatua nne bila kudondosha tone. Mama jirani wa upande wa pili alichungulia juu ya ua akamuuliza mke wangu, "Dada, hao wamekula nini? Niwachemshie mwarobaini?"

"Waache," mke wangu alijibu. "Wako kazini."

Kikao cha tatu ndicho kilichoniharibia. Chupa zilikuwa adimu. Kinywaji ulikuwa hukipati mpaka upeleke chupa tupu. Tukakusanya makreti mawili. Buti lilikuwa limeshajaa madumu ya petroli, tairi mbili za akiba na ndoo ya kutemea. Chupa zingekaa kiti cha nyuma. Pale nyuma tulipangwa mimi, Mtaalamu na mke wangu. Mbele hakukuguswa, maana ndiko aliko Mwenyekiti.

Wote wakanitazama.

"Shemeji ataelewa," Mwenyekiti alisema. "Atakwenda safari ijayo."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Badala yake niliuliza, "Niandike kwamba ameridhia?"

"Andika."

Asubuhi mke wangu alilikuta daftari mezani, mimi nina povu la kunyolea shavuni.

"Nimeridhia lini?"

"Ni uamuzi wa kamati."

"Nimepinduliwa na chupa. Tena tupu! Zingekuwa zimejaa ningeelewa. Na wewe ulisema nini?"

"Mie ni Katibu. Katibu hasemi, anaandika."

Alicheka sana, nami nikadhani yamekwisha.

Alhamisi nilirudi kazini nikakuta mlango umefungwa. Mama jirani akanipa ufunguo. "Kapanda treni kwenda kwa mama yake. Kasema ugali wa leo uko sufuriani, wa kesho ujisongee."

Tukaitisha kikao cha dharura. Hapo ndipo ilipotujia kwamba hatumjui mtu yeyote Dodoma.

"Mama mkwe wako utamtambua?" Fundi aliuliza.

"Akivaa nguo zile za harusini, huenda."

Hakucheka. "Sikiliza, ndugu yangu. Kesho nakupeleka wewe tu, bila chupa, bila ndoo. Ukaombe radhi, uchume zabibu."

Gari lilikuwepo, petroli ilikuwepo. Niliona haya kusimama mbele ya mama wa watu na kosa langu. Nikamwambia tusubiri uamuzi wa kikao. Kikao hakikukaa tena.

Mke wangu alirudi baada ya wiki tatu, vidole vina michubuko ya matawi ya mizabibu. Alisema mama yake alimfunga jogoo mguu kwa ajili ya mkwe, na kila jioni alitoka kutazama barabarani akiuliza, "Gari bado?" Siku ya mwisho wakamchinja, wakamla wawili.

Mama alifariki kabla ya mavuno mengine. Sikupata kula kwake hata siku moja.

Lakini jioni ile nilikuwa sijayajua hayo. Mke wangu alikuwa akinisubiri niseme neno, na mimi nikauliza kama jogoo alikuwa mnene.

"Alikuwa mnene," alisema, akaenda kuoga.