Kioo Kilichochelewa Kugeuka Buluu

Tulipochaguliwa kuwakilisha shule yetu ya Kayole kwenye maonyesho ya sayansi, mimi na mwenzangu wa dawati tuligawana kazi: mimi nitengeneze kioo, yeye aongee. Nilifurahi. Mimi hata mwalimu akiniita tu darasani, natoka jasho.

Kioo chenyewe kilikuwa vipande viwili vidogo vilivyobanwa pamoja, katikati pana rojo na utando mwembamba. Utando huo niliuchanganya maabara: plastiki inayopitisha umeme na unga wa madini. Plastiki peke yake ilibanduka. Unga peke yake haukushika. Pamoja vilikaa, na ukipitisha umeme kidogo, ukijani hafifu uligeuka buluu iliyokolea. Nilitaka dirisha letu liwe hivyo siku moja, maana tunaishi orofa ya juu kabisa na jua la alasiri hutuoka.

Majaji walikuwa meza ya jirani nilipogusa betri, nikazikuta zina joto.

"Hizi umetoa wapi?" nikamuuliza mwenzangu.

"Kwa redio ya shosho. Nimezianika kwa bati asubuhi, ziko fiti."

"Na zile mpya?"

"Nimezisahau home. Manze, usiniangalie hivyo! Kwani kwenu hamwaniki?"

Tunaanika. Kama nyanya yake, wapangaji wa ploti nzima huanika betri zilizochoka, na redio huongea tena kidogo. Ikififia, unaisogeza sikioni. Kioo ningekisogeza wapi?

Jaji mmoja akafika, mama mwenye miwani. Mwenzangu akaanza kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, akaunganisha nyaya. Kioo kikabaki kijani. Akarudia maneno yaleyale, akacheka peke yake. Kijani.

"Asanteni, wasichana," jaji akasema, akifunga faili. Hapo ndipo tungeishia, na shule haikuwa na mradi mwingine.

Mwenzangu akaninong'oneza, "Niazime ile betri kubwa ya hao jirani?" Tayari mkono wake ulikuwa njiani. Nikaushika. Betri kubwa ingeunguza utando palepale. Nilishaunguza vioo viwili nikijaribu.

"Madam, naomba usiende."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wa meza ya jirani wakageuka.

"Kuna nini cha kungoja?"

"Betri zetu zimechoka, Madam. Umeme unasukuma chembe ndogo zipite kwenye rojo ziingie kwenye utando. Ukisukuma pole, zinatembea pole."

"Na kwa nini uchanganye? Plastiki haikutosha?"

"Ilibanduka. Nilikuja Jumatatu nikaikuta imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliendelea kuongea, sijui nilisema nini kingine, hadi pembeni mwa kioo, karibu na waya, palipoanza kuiva buluu.

"Angalia hapa, Madam."

Akainama. Buluu ikatambaa hadi katikati, ikasimama.

"Imeishia hapo?"

Mwenzangu alinikanyaga mguu nidanganye.

"Imeishia hapo. Kwa betri nzuri inajaa kioo kizima."

Akaniambia nigeuze nyaya, aone kama rangi itarudi. Safari hii alivuta kiti, akakaa, akangoja hadi ukijani uliporudi wote.

Jioni shule yetu ilisomwa miongoni mwa zilizofuzu kwenda hatua inayofuata. Mwenzangu alinirukia shingoni, akipiga kelele.

"Huko mbele unaongea wewe! Mimi nashika nyaya."

Nilimwambia hapana. Alikuwa ameshawatangazia wenzetu wote.